Ruphin Achagua Mlima

Ruphin alitoka Bukavu akiwa na miaka thelathini na miwili, na kwa miaka kumi na minne sasa analinda geti la nyumba za kupanga kaskazini mwa Johannesburg. Anaishi Troyeville, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mreno mzee. Mkewe, Brigitte, alifia hapa hapa. Binti yao, Benita, alichukuliwa na shangazi yake kwenda Kanada akiwa na miaka kumi na mitatu. Jina la Ruphin halikuwamo kwenye faili ya maombi yao ya kuhamia huko. Aliambiwa kwamba atafuata. Miaka sita imepita.

Siku hizi maongezi yao ya simu yamekuwa mafupi. Benita alikuwa akimtumia picha za theluji iliyofika dirishani, na Ruphin akiuliza baridi yake ikoje, binti alijibu kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika, "Papa, huwezi kuelewa." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilimkaa Ruphin kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka huu kampuni ilimlazimisha achukue likizo yake Julai. Likizo nyingine zote alizimaliza kitandani, akisikiliza majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Safari hii akaamua kwenda kuiona theluji.

Kwa wiki mbili, zamu ikipoa, alisoma habari za milima kwenye simu. Karimu, mlinzi mwenzake kutoka Tanga, hakuwa na shaka.

"Lesotho, kaka. Ni karibu, miteremko mirefu, na theluji isipoanguka wana mashine za kuitengeneza. Twende wote, siku tatu tu."

"Na mpaka je?"

Kwa karatasi za ukimbizi, Ruphin angeweza kuvuka kisha asiruhusiwe kurudi. Karimu alilijua hilo, alikuwa amesahau tu.

Ikabaki milima ya Eastern Cape. Ni mbali: basi kutwa nzima, kisha pikapu kwenye barabara ya mawe. Kituo chenyewe cha kuteleza kwenye theluji ni kidogo, hakifiki hata nusu ya kile cha Lesotho. Ruphin akasitasita. Mwishowe akamuuliza mama wa nyumba namba kumi na mbili, ambaye kila Desemba huenda Ulaya kuteleza. Mama yule hakumcheka. Alizima gari pale pale getini.

"Wewe unaanza," alimwambia. "Usitafute mlima mkubwa. Tafuta mteremko mpole na mwalimu mvumilivu. Na nguo kodi huko huko, usinunue. Unakwenda na nani?"

"Na rafiki," Ruphin akajibu, ingawa Karimu alikuwa ameshajitoa. Mkewe alikuwa amewasili kutoka Tanga.

Basi akaenda peke yake. Pale kituoni, msichana wa mapokezi alimtazama akasema, "Umeleta wageni? Madereva wanasubiri upande ule."

"Mgeni ni mimi."

Msichana akaona haya, akainama kumpima viatu.

Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili kabla. Ruphin alivua glavu akaishika. Hakuikuta laini kama pamba alivyodhani. Ilikuwa na punje, iliuma vidole, kisha ikavitia ganzi. Mwalimu, mama wa Kisotho mwenye sauti kali, alimfundisha kukunja magoti. Alianguka mara kumi na moja. Ya kumi na mbili aliteleza hadi chini akiwa amesimama. Akageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha. Familia zilikuwa zikipigana picha, na mwalimu alikuwa ameshapokea mwanafunzi mwingine.

Ilikuwa saa kumi alasiri, kule Kanada asubuhi. Akampigia Benita kwa video.

"Papa! Uko wapi?"

"Kwenye theluji. Angalia." Akazungusha simu, mlima wote ukaonekana.

Benita alicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. "Huku ni joto sasa, na wewe uko kwenye theluji! Uko na nani?"

Ruphin alitaka kusema tena rafiki. "Niko peke yangu," akasema.

Benita akaacha kucheka.

"Mimi pia, Papa. Tangu Januari. Tuligombana na shangazi, nikapanga chumba. Sikutaka ujue."

"Unakula?"

"Nakula."

"Ukirudi kutoka kazini, nani anakufungulia mlango?"

Binti akaanza kulia. Ruphin hakumkaripia wala hakumtetea dada yake. Alimuuliza dirisha lake linatazama wapi, naye akamweleza: duka la kufulia nguo, mti mmoja, kituo cha basi. Akamwomba arudie, aelewe vizuri. Walizungumza mpaka mkono ulioshika simu ukafa ganzi, na katikati ya neno betri ikaisha.

Akarudisha viatu na nguo, akapanda pikapu, akashuka mlimani bila kuongea na dereva. Kijijini, kabla ya kuulizia chakula, aliulizia mahali pa kuchaji simu.