Baba Mkwe Asiyesalimiwa

Nilitoka Nyasaland miaka ya hamsini, nimeolewa na Mnyakyusa wa Uyole. Kwetu baba mkwe unampigia magoti; usipomsalimia umemtukana. Basi wiki ya kwanza nikakutana na wangu njiani, natoka mtoni. Nikatua mtungi, nikapiga magoti, nikamwamkia. Mzee akageuka akaingia kwenye mahindi, mbio kama kaona chui.

Nilifika nyumbani nalia, nikijua nitarudishwa kwetu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe mgeni wewe! Umemkimbiza mzee wa watu! Huku baba mkwe humwangalii, humsemeshi. Ukimsikia anakuja, jifiche."

"Nitamsikiaje, mama, naye anatembea kimya?"

Kesho yake nikasikia mtu anakohoa kwa nguvu kutoka mbali, nikajificha nyuma ya migomba. Mzee akapita. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa hivyo kila alipokaribia, miaka yote, ili nipate nafasi ya kujificha. Hatukusemezana hata neno moja mpaka tukamzika. Wapo wanaoongea na wakaza wana wao kutwa nzima, na hawawajali hivyo.