Mwanasesere Aliyelala Mkekani

Mama yangu, Weideru, hajawahi kumsemesha mume wangu neno hata moja, na huu ni mwaka wa saba wanakaa nyumba moja. Si ugomvi. Kwetu Wakaraja mwanamume akioa huhamia kwa mama mkwe, na heshima inataka wasisemezane. Yote hupitia kwangu.

Lakini mama ana mikono. Anafinyanga wanasesere wa udongo kuliko mwanamke yeyote wa ukingo huu wa mto, na mikono yake haina adabu ya mdomo wake.

Mtoto wa kike hupewa na bibi yake familia nzima ya udongo, ajue nani ni nani na kila mmoja anafanya nini. Binti yangu Lahiru alipofikisha miaka mitano, mama akamfinyangia yake. Bibi anakuna mihogo. Mimi nimebeba kuni kichwani na mtoto kiunoni. Na mume wangu, Iwraru, amelala chali mkekani, goti moja juu, mkono chini ya kichwa, kitambi kimeinuka vizuri. Hata zile duara mbili alizochanjwa mashavuni mama alizichora taratibu, mtu asije akamfananisha na mwingine.

Siku ya kuwachoma nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimsogeza yule wa mkekani mpaka penye moto mkali, apasuke. Moto ulipozima, mimi nilikuwa na ufa shingoni na bibi amekatika mkono. Yeye alitoka mzima, anang'aa.

Lahiru akamtembeza kijiji kizima. Huyu ni baba, aliwaambia watu, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Kwenye nyumba ya wanaume wakampokea Iwraru kwa pole na kazi, mmoja mmoja, kwa zamu. Jioni alirudi, akaketi hatua tatu kutoka kwa mama, akaniambia mimi:

"Mwambie mama yako narudi kwa mama yangu."

"Mwambie mumeo," mama akasema, macho kwenye udongo, "asisahau mkeka."

Mwanamume akirudi kwa mama yake, ndoa imekwisha. Mtoto wangu wa pili alikuwa bado ananyonya. Asubuhi Iwraru alichukua mtumbwi na chusa, akaenda. Mkeka hakuuchukua. Siku tatu kazi yangu ilikuwa kuutazama ule mkeka, nikijiambia kwamba mtu anayehama hawezi kuuacha, kisha nikikumbuka kwamba mama ndiye aliyeutaja, kwa hiyo hata kwa hasira tu angeuacha.

Katikati ya siku hizo akaja mama mmoja wa makumbusho ya mjini, mwenye miwani. Mama yangu akampangia kazi zake nzuri zote. Yule mgeni akazipita, akamchukua yule mume wangu wa mkekani mikononi mwa Lahiru. Lahiru alilia mpaka akaahidiwa baba mwingine.

Siku ya nne Iwraru akatokea, akiburuta samaki mrefu kama yeye mwenyewe. Hakuwa amefika kwa mama yake. Alikuwa ziwani. Akamlaza samaki mlangoni, akasimama. Mama alimtazama samaki toka kichwa hadi mkia.

"Mwambie mumeo chumvi iliyopo haitoshi," akasema.

Wiki hiyo hiyo alimfinyangia Lahiru baba mpya: amesimama, samaki mgongoni, mkia unagusa chini. Nikadhani yamekwisha.

Kisha picha ikafika kwenye simu ya mwalimu. Mume wangu wa mkekani yuko ndani ya kabati la kioo, na chini yake maandishi. Mimi nilimaliza shule ya msingi, kwa hiyo mwalimu akanipa simu niwasomee nyumbani: *Kiongozi akitafakari mambo ya kijiji chake.* Iwraru akaniomba nirudie. Katika ujumbe uliokuja na picha, watu wa makumbusho walikuwa wanamsifu Weideru kwa jinsi anavyomheshimu mkwewe, na wanataka kumi wengine kama huyo.

Siku hizi kila asubuhi Iwraru hujilaza uwanjani mbele ya mama, kwa sababu mama anasema kile kitambi hakifinyangiki kwa kukumbuka.

"Mwambie mumeo apandishe goti."

"Mwambie mama yako goti limechoka tangu jana."

"Mwambie viongozi hawachoki."

Nami hapo katikati, mtoto yuko titini, napeleka maneno hatua tatu kwenda na hatua tatu kurudi. Wakati mwingine naona mama amegeuza uso ili asionekane anacheka. Iwraru naye huangalia juu, lakini kitambi kinatikisika.

Yule wa samaki, mama wa miwani aliporudi, alimgeuza huku na huku, akasema ni mzuri, akamrudisha chini. Kwa hiyo amebaki wa Lahiru. Jana nilimkuta Lahiru amemlaza chini na kumfunika kitambaa, samaki na yote. Nikamwuliza amefanya nini.

"Huyu ametoka kazini," akasema. "Mwache alale."