Vyuo Viwili vya Tadea

Bartholomayo wa Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa fundi wa boti za mbao, mtu wa maneno machache. Katika watoto wake wanne, aliyeweza kumfanya azungumze alikuwa Tadea, kifungua mimba wake. Tadea hakuzijali mbao. Yeye alipenda injini. Akiwa darasa la sita aliifungua injini ya boti iliyowashinda wavuvi wawili, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia, na kabla ya jioni ikawaka. Tangu siku hiyo wavuvi wakamwita Injinia, mwanzoni kwa utani, baadaye wakasahau kuwa ulikuwa utani.

Alipomaliza kidato cha sita na kufaulu, aliomba uhandisi wa mitambo katika vyuo viwili, kimoja Mbeya, kingine Dar es Salaam. Kwa kuwa hakuwa na simu, alijaza namba ya baba yake.

Hapo ndipo walipokosana. Baba alitaka Mbeya. Kule alikuwa na binamu, na mtoto akiugua, angepanda gari leo na kesho akawa amemfikia. Tadea alitaka Dar, kwa sababu mwalimu wake wa fizikia alisoma huko na alikuwa amemsimulia karakana zake mpaka binti akaziona kama amezikanyaga. Baba akasema Dar hawana ndugu. Binti akajibu kwamba haendi kutafuta ndugu. Jibu hilo lilimchoma mzee. Kwa siku tano wakawa ni shikamoo na marahaba, basi.

Mwishowe baba akazunguka nyuma. Alimtuma Tadea kijiji cha Namswea, kwa dada yake Ida, aliyeolewa huko milimani, eti akamsaidie kuanika kahawa. Kumbe alikwisha kumpigia Ida simu, akamwomba amlainishe mtoto. Tadea alielewa. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mama yake, Kunigunda, "Baba amechoka kubishana, sasa anakodi watu." Akacheka, akapanda gari.

Hakurudi mzima. Wiki ya pili aliamka kichwa kinamgonga na shingo imekakamaa. Walimkimbiza hospitali Mbinga, na siku ya tatu akafariki, baba yake akiwa bado njiani. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo. Bartholomayo alimkuta amekwisha kufunikwa.

Walimteremsha Lundo. Ndugu walitaka kununua jeneza, baba akakataa. Alilitengeneza mwenyewe, kutwa nzima, na hakuna aliyethubutu kumpokea randa.

Siku ya kumi na moja baada ya maziko, ujumbe uliingia katika simu yake. Ulimpongeza Tadea kwa majina yake yote matatu. Ulisema amechaguliwa na vyuo vyote viwili, achague kimoja na kukithibitisha kabla ya wiki kwisha. Bartholomayo aliusoma amesimama, akaketi, akausoma tena. Hakumwonyesha mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Placidi wa sekondari, aliyemsaidia Tadea kujaza maombi.

"Mwalimu, nataka umthibitishie Dar," alisema.

Placidi alidhani hakusikia vizuri.

"Ndiko alikotaka. Mimi ndiye niliyemzuia. Hata kama haendi, paandikwe kwamba alichagua Dar na baba yake akakubali."

Mwalimu alimsogezea kiti. Kisha akamweleza taratibu kwamba wakithibitisha, nafasi ile itakaa na jina la Tadea mpaka masomo yaanze, na yupo mtoto mahali fulani anayesubiri nafasi kama hiyo iachwe. Wasipojibu, siku zikiisha, zote mbili zitakwenda kwa wengine.

"Lakini mtoto ni wako, Mzee," alimalizia. "Ukisema niandike, nitaandika."

Bartholomayo akaomba apewe siku ya kufikiri.

Ida alikuwa bado yupo msibani. Bartholomayo alipomweleza habari za ujumbe ule, dada yake akaanza kulia kabla hajamaliza.

"Kaka, alikuwa amekubali Mbeya," alisema. "Wala sikumlainisha mimi. Siku ya pili tu, tunachambua kahawa, akaniambia, 'Shangazi, nitakwenda Mbeya. Baba hatapata usingizi nikiwa mbali.' Alitaka akueleze mwenyewe akirudi."

Ida alidhani maneno hayo yangemfariji. Hayakumfariji. Bartholomayo angeona heri binti yake angekufa na ubishi wake, amekasirika, anaing'ang'ania Dar. Huyo, baba angeweza kumkubalia sasa, japo amechelewa. Huyu aliyekwisha kumkubalia yeye alimwacha bila kitu cha kumpa.

Hakurudi kwa Mwalimu. Ujumbe wa kukumbusha ulikuja mara mbili. Siku ya mwisho asubuhi alimpa Kunigunda simu asome. Kunigunda alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi, kilipofika kwenye jina kikasimama. Aliuliza kama wanaweza kuuacha ujumbe ule bila kuufuta. Wakauacha. Siku ile ikapita, na nafasi zikaenda kwa wenyewe.

Bartholomayo hakugusa msumeno mpaka mvua zilipoanza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa boti ya mteja kutoka Liuli, mvuvi wa dagaa aina ya usipa, mgeni kabisa kwake. Siku ya kuja kutazama mbavu za boti, mteja yule alipiga soga kidogo, akamuuliza fundi ana watoto wangapi.

"Wanne," alisema Bartholomayo. "Wa kwanza alipata vyuo viwili, Mbeya na Dar. Uhandisi."

Mteja akasifu sana, akauliza sasa anasoma kipi.

Bartholomayo aliupima ubao aliokuwa ameushika, akaupima tena.

"Hakuwahi kwenda," alisema, na akamwomba mteja amshikie upande wa pili.