Jenereta ya Matanga

Usiniulize kama nilikuwa nimelala. Nilikuwa macho, nimesimama kwa miguu yangu, na mwiko wa ugali mkononi. Nikisimulia kisa hiki watu huangaliana, halafu kuna mmoja lazima aulize kama kule mlimani tulionja kitu. Mimi sionji. Kwa hivyo kaa hapo usikilize, na kama utacheka, ngoja kwanza nimalize.

Mume wangu, Baba Wanja, alikuwa fundi wa magari hapa Kitale. Tunaishi Kibomet tangu tuoane. Miaka hiyo wazungu walikuwa wakipita sana mjini na yale magari yao ya kulala, yenye kitanda na jiko ndani, na yakiharibika yaliletwa kwake. Aliyatengeneza mpaka tamaa ikamwingia, na yeye akataka lake. Alipoacha kazi alinunua gari kuukuu lililokuwa la kusambaza mikate, akalitoboa madirisha, akapigilia kitanda, na mimi nikamshonea mapazia huku nikinung'unika. Mtu mzima ana nyumba ya matofali, anataka kwenda kulala ndani ya gari la mikate. Nilimwambia hivyo siku ile na mpaka leo sijabadilisha neno.

Shida haikuwa gari, ilikuwa kifua chake. Baba Wanja alikuwa na pumu, ile ya kumfanya mtu akae kitandani ameinama mbele, akitafuta hewa kwa mabega. Pampu ya mfukoni ilikuwa haimtoshi tena. Binti yetu Wanja, ambaye ni nesi Nairobi, akamletea mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, unauvuta kupitia kifuniko cha pua na mdomo. Jioni na asubuhi, bila kukosa. Akikosa, midomo yake ilikuwa inageuka rangi ukimtazama. Na mashine hiyo inakula umeme. Sasa huko porini umeme utautoa wapi?

Hapo ndipo vita vilipoanza nyumbani. Yeye alitaka sola, kwa sababu ameiona juu ya magari ya wazungu. Nikamuuliza ni jua gani analolijua yeye la Mlima Elgon, maana kule ukungu unaweza kukaa kutwa nzima. Akasema basi betri na inveta. Nikasema betri ikiisha na gari likatae kuwaka, ni nani atalisukuma, mimi? Akasema tuweke betri ya pili, ya mashine peke yake. Nikasema nayo itachajiwa na nini tukiwa tumeegesha? Mimi nilitaka jenereta ndogo. Aliponiambia moshi wake utamuua, nikamwambia tutaiweka mbali na tuvute waya mrefu. Nilishinda. Mimi hushinda, uliza mtu yeyote Kibomet.

Kitale zile ndogo zilikuwa zimekwisha, zimebaki zile kubwa za kuzungushia posho mill, mashine za kusaga unga. Mtu akatuelekeza Mabanga, karibu na Bungoma mjini, kwa bwana mmoja anayekodisha jenereta za matanga. Kama wewe si wa huku, nikueleze kidogo. Bungoma mtu akifa, mwili huletwa nyumbani, na watu wanakesha nje mpaka siku ya kuzika. Nyumba nyingi hazina stima, kwa hivyo jenereta inakodishwa na boma lote linawaka taa. Kazi ya bwana huyo, Wafula, ilikuwa hiyo tu, kutoka boma hili la kilio kwenda lile.

Hakutaka kutuuzia, na hakutuficha. Hakutukaribisha hata kiti. Ile ndogo iliyotufaa ilikuwa imerudi asubuhi hiyo hiyo kutoka matangani, upande wa juu wa Sirisia. Ilikuwa bado inanuka moshi wa kuni, na kwenye mpini palifungwa kipande cha waya wa taa. Mume wangu akaivuta kamba, ikawaka mara moja, akaisikiliza kama fundi na kutingisha kichwa kwamba ni nzima, mpaka tone la mafuta lililobaki likaisha ikazimika yenyewe. Nikasema tunaichukua. Wafula akanitazama kwa chuki, kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Mama, hii haizimwi na mkono," akasema. "Unaiacha inamariza mafuta yenyewe. Sisi wote wa hii kazi tunafanya hivyo."

Nikamuuliza na mtu akiizima itakuwaje. Akasema, "Mwenye ataizima ndiye watakuja kumuuriza."

Nilimwona mjinga, bana. Nilimuuliza kama na redio yake pia haizimi. Mwishowe akapokea pesa zetu, na Baba Wanja akanivuta mkono tuondoke.

Tulipanda kupitia Sirisia tukaendelea juu, mpaka mahali msitu unapoanza. Ilikuwa kabla ya vurugu za mlimani, watu walikuwa bado wanalala bila wasiwasi. Mkulima mmoja alituruhusu kuegesha kwenye uwanja wa nyasi juu ya shamba lake la vitunguu. Jua likazama, na baridi ikashuka ile ya kukufanya uongee huku mvuke ukikutoka mdomoni. Nikaweka jenereta mbali, nikavuta waya, nikaiwasha. Mashine ikanguruma. Mume wangu akavaa kifuniko chake kitandani, akavuta dawa taratibu, na uso ukarudi kuwa uso. Akanitania kwamba maisha ya kizungu yamenikubali. Nilifurahi, lazima niseme ukweli, nilifurahi kumwona vile.

Alipomaliza, nikafikiria kesho asubuhi. Mafuta tuliyokuwa nayo ni ya kwenye tangi na kibuyu kimoja cha plastiki, na kituo cha mafuta kiko mbali kule chini. Niiache ingurume bure mpaka ikauke, halafu asubuhi mwenzangu avute nini? Wewe ungefanya nini? Nilienda nikabonyeza swichi kwa kidole hiki. Ikanyamaza. Nikawasha taa ya chemni, nikarudi kwenye ugali wangu, mlango wa gari ukiwa wazi.

"Nani amezima?"

Alikuwa amesimama nje ya mlango. Hakupiga hodi, wala hakusalimu. Mwanamume wa makamo, suti ya rangi ya kijivu, mpya kabisa, bila sweta katika baridi ile. Nikadhani ni jirani wa yule mkulima amekuja kutafuta ugomvi, na mimi ugomvi siukimbii.

Nikamwambia nimezima mimi, jenereta ni yangu, na kwetu mtu huanza na salamu. Akasema, "Washa." Nikamwambia aende kwake akawashe yake. Akasogea hatua, akasema kwa sauti ile ile, "Kwangu ndiyo hiyo."

Hapo nikaona kitu. Mimi nikiongea, mvuke unanitoka. Yeye anaongea, na mbele ya mdomo wake hakuna kitu. Nilimtazama tena. Hakuna. Nikainua chemni nimwone vizuri, na katika matundu ya pua yake palikuwa na pamba. Pamba nyeupe, imesukumwa ndani, kama anavyowekwa maiti mochari.

Kisha nyuma yangu nikasikia ule mluzi wa kifua ninaoujua kuliko sauti yangu. Baba Wanja alikuwa ameinuka, mikono imeshika ukingo wa kitanda, mdomo wazi. Anavuta, hapati. Na yule mtu mlangoni akaanza kutoa mvuke. Mwanzo kidogo, mwembamba. Mume wangu akivuta asipate, yule anatoa. Mvuke wake ukawa mzito, unampita usoni, na alikuwa ananitazama mimi tu muda wote.

Nilimrushia mwiko. Nilimtukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, nikampita mbio nikaenda kwenye jenereta. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena na tena mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, na lile chuma halikukohoa hata kidogo, lile lile lililowaka mara moja mbele ya Wafula. Mluzi wa mume wangu niliusikia kutoka pale, na ulikuwa unapungua. Anayejua pumu anajua kwamba mluzi ukipungua hivyo, si kupona.

Yule mtu alinifuata. Akapita mbele yangu kuitazama jenereta, akanigeuzia mgongo. Suti ilikuwa imepasuliwa nyuma kutoka kwenye kola mpaka chini, ikashikizwa na pini, jinsi wanavyofanya ili mwili uliokakamaa uvishike. Akasema bila kugeuka, "Nilikuwa bado naaga watu wangu. Walikuwa wote kwenye mwanga, nawaona. Mmoja mmoja. Wewe umenizimia."

Sasa sikiliza. Sisi tuliotoka kwa Wakikuyu tunazika kwa haraka, macho makavu, na tunarudi shambani. Watu wa Bungoma hawafanyi hivyo. Kule hata kama marehemu humjui, huingii bomani kwake umefunga mdomo. Unaanzia langoni, mikono kichwani, unalia kwa sauti, unamwita. Niliwahi kuwacheka wanawake wa Sirisia kwa sababu hiyo, nikasema wanaigiza. Na mimi nilikuwa nimeingia kwenye matanga ya mtu huyu na matusi na mwiko.

Nikaweka mikono kichwani nikalia. Jina lake sikulijua, nikamwita ndugu yangu. Nikamwuliza ametuachia nani. Nikamwambia watoto wake wanamtafuta, shamba lake linamtafuta. Nililia kwa nguvu zangu zote, kwa ajili ya mtu nisiyemjua, tena nikiwa nimemchukia kabisa, na sikujua tena kama namlilia yeye au Baba Wanja. Huku nikilia nikainama, nikavuta kamba.

Ikawaka.

Waya ulikuwa bado umechomekwa. Taa ya kwenye gari ikawaka, mashine ikaanza kunguruma, na nilipofika kitandani nikamfunika mume wangu kile kifuniko usoni. Akavuta. Akavuta tena. Midomo ikarudi rangi. Nilipogeuka, yule mtu alikuwa ameketi kwenye nyasi kando ya jenereta, mahali taa ya mlangoni ilipofika, anaangalia kama mtu anayetazama watu wengi. Mvuke ulikuwa bado unamtoka.

"Umechelewa kidogo," akaniambia.

Sikusubiri anieleze. Nilimwacha Baba Wanja amalize dawa yake, nikaenda, Mungu ananiona, nikamimina kibuyu chote kwenye tangi la jenereta huku ikinguruma, yule mtu akiwa karibu kiasi cha kumgusa. Nikachomoa waya. Nikaketi kwenye usukani. Kuendesha nilijifunza kwa kusogeza magari ya wateja pale gereji, na usiku ule nilishuka mlima ule na gari la mikate, sufuria zikigongana nyuma. Jenereta nikaiacha pale inaunguruma. Sikurudi kuiulizia.

Asubuhi tuliamkia Sirisia, kando ya soko. Mume wangu aliamka akiwa mzima, akanyoosha mikono, akaniuliza kwa nini tumeshuka. Yeye anakumbuka alibanwa, akavuta dawa, akalala. Nikamwambia jenereta iliharibika. Nikamtafutia pampu dukani kwa dharura, lakini hakuihitaji. Jioni hakuihitaji. Mpaka leo hajaihitaji. Hakuna mluzi, hakuna kuinama, mashine ya Wanja iko juu ya kabati ndani ya boksi lake. Binti yetu anamshukuru Mungu. Mwenyewe anawaambia watu Kibomet kwamba hewa ya mlimani ndiyo iliyomponya, na kila mwaka ananiomba turudi. Namkatalia, ananiita mkali. Afadhali niitwe mkali.

Kwa hivyo wewe unayetaka kwenda kulala porini na gari lako, nisikilize mimi niliyechagua. Nunua sola, hata kama kuna ukungu. Nunua betri mbili, tatu, msukume gari mpaka mjini. Ikiwa ni lazima ununue jenereta iliyotumika, uliza ilikuwa inamulika nini, na ukiambiwa haizimwi na mkono, usijifanye mjanja kama mimi.

Maana Julai hapa Kitale ni baridi. Asubuhi tunakaa nje mlangoni, mimi na yeye, kila mtu na kikombe chake. Mimi nikipumua, mvuke unatoka. Watoto wa jirani wakipita kwenda shule, mvuke unawatoka. Baba Wanja anacheka, anaongea, ananitania, na mbele ya mdomo wake hakuna kitu. Sijamwambia. Anainua kikombe, anakunja midomo, anaipuliza chai ipoe, na mvuke wa chai unaendelea kupanda wima, haujatikisika.