Saa ya Dawa ya Mama Furaha

Anselmo wa Mkomaindo, Masasi, alitengeneza saa zisizoshikika kwa mkono. Aliziandika kwa kompyuta, zikatokea kwenye kurasa za mtandao: kalenda ya shule, saa ya duka, saa ya harusi inayopungua mpaka siku yenyewe ifike. Watu walimcheka. Yeye alikula kwa hizo hizo.

Mkewe Josephina alibaki Mnyambe, kule Newala, na mikorosho yao na presha yake. Vidonge alikuwa akisahau. Anselmo akamwandikia saa ya kwake, akamfungulia kwenye simu. Asubuhi na jioni inaita kwa sauti ya Anselmo mwenyewe: "Mama Furaha, dawa." Hairidhiki, inarudia, mpaka mgonjwa abonyeze kwamba amemeza. Akibonyeza, simu ya Anselmo huko Masasi inawaka kijani.

"Ungekuja mwenyewe," mkewe alimwambia.

"Si sauti yangu hiyo?"

Jioni moja kijani hakikuwaka. Anselmo akasema ni mtandao tu, akaendelea na saa ya harusi ya watu.

Alfajiri shemeji yake Rose akapiga. Josephina amefariki.

Alipofika Mnyambe, uani kilio kimejaa. Katikati ya kilio akaisikia sauti yake ndani ya nyumba: "Mama Furaha, dawa." Ilikuwa imeita usiku kucha. Waliokuwemo walijua kulia, kuizima hawakujua.

Mlangoni akatokea Muharami, mtani wa ukoo. Msibani mtani hakatazwi. Amejifunga khanga ya marehemu, simu ya marehemu mkononi. Akajilaza mkekani, akapanua mdomo.

"Leta basi hiyo dawa, mume wangu! Au imekwama Masasi?"

Watu wakacheka na machozi yao. Muharami akabonyeza. Mfukoni mwa Anselmo simu ikatikisika. Akatazama. Kijani.

"Nipe hiyo simu, mtani," alisema. "Niizime kabla hatujamzika."

"Kwani wewe nani? Mume wa nyumba hii ni huyu hapa." Akaibusu simu. "Anakula bando, ugali hagusi. Na kila siku kaamka hapa. Wewe mara ya mwisho uliamka hapa lini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Anayemkasirikia mtani msibani amemwaibisha maiti wake. Anselmo akairudisha simu yake mfukoni.

Mazishi yaliwangoja ndugu wa mbali, jua likainama. Muharami akatangulia kaburini, akalala humo kama watani wafanyavyo, watu wakambembeleza ndipo akatoka. Jeneza liliposhushwa, akaidondosha simu juu yake.

"Mwacheni alale na mumewe."

Anselmo alinyoosha mkono. Udongo ulikwisha kuanza kumwagwa.

Kaburi lilipofika nusu, saa ya dawa ya jioni ikafika. Sauti ikatoka chini, nyembamba.

"Mama Furaha, dawa."

Majembe yakasimama. Safari hii hakucheka mtu. Ikarudia.

Muharami akaivua khanga. "Izime, Baba Furaha. Imetosha."

"Toka huku juu haizimiki. Mpaka abonyeze."

"Mtani, nakuomba."

"Si wewe ndiye Josephina tangu asubuhi?" Anselmo alisema. "Bonyeza."

Muharami akalitazama shimo, kisha akatazama miguu yake.

Anselmo akachukua jembe kwa mtu wa karibu. Akafukia peke yake, taratibu, mpaka sauti yake haikusikika tena.