Rangi ya Fedha ya Shangazi Nafula

Enzi zetu pale Riruta, ndege haikupakuliwa kwenye simu. Ilikatwa kwa wembe. Mama alikuwa akifulia nguo familia moja ya Loresho, na walipohama wakamwachia boksi la ndege ya kivita ya plastiki ya kujiundia, vipande vyote bado vimeshikana kwenye fremu. Mimi na kaka yangu Simiyu tulikaa nayo sakafuni likizo nzima. Maelezo yalikuwa ya Kijapani, kwa hivyo tulifuata picha. Tulisugua kingo kwa msasa, tukabandika mabawa, makombora na magurudumu madogo kuliko dengu. Rubani, Simiyu alimbandika akitazama mkia, na tulipogundua gundi ilikuwa imeshakauka. Nilicheka hadi nikafukuzwa nje.

Ikabaki rangi. Picha ilionyesha ndege ya rangi ya fedha, nasi tulikuwa na dawa ya viatu nyeusi. Lakini Shangazi Nafula, dada mdogo wa Baba aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha ya fedha. Alikinunua Dagoretti Corner kwa ajili ya Jumamosi moja tu, siku ambayo watu wa mchumba wake wangekuja kutoka Bungoma kumposa. Tuliapa kuchovya mara mbili tu. Sasa ndege ina mabawa mawili, ina tumbo, ina mkia. Unajua tuliishia wapi.

Jumamosi hiyo Shangazi alipaka kucha za mkono wa kulia, akatikisa kichupa, akakichungulia.

"Nani amekunywa rangi yangu?"

Wageni walikuwa tayari mlangoni. Akauficha mkono wa kushoto ndani ya leso. Mimi niliogopa kwelikweli, maana wangemkataa, ingekuwa ni sisi tumemharibia.

Kwetu anayeposwa ndiye huwanawisha wageni mikono kabla ya chakula: jagi mkono huu, beseni mkono ule, magoti chini. Hapo huna pa kuficha kitu. Mjomba wa mchumba, mzee mwenye kofia, alitazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, kisha akainua macho kwenye kabati la sebuleni, ambako ndege yetu ilikuwa iking'aa.

"Hii ndege na huu mkono ni watu wa familia moja?"

Shangazi alishtuka, maji yakamwagikia viatu vya mzee. Mzee akatugeukia mimi na Simiyu.

"Wamemaliza rangi ya bibi harusi na bado wako hai. Huyu msichana ana roho nzuri. Leteni ugali."

Shangazi aliolewa Desemba. Siku ya kuondoka aliishusha ndege kabatini, akaifunga katikati ya mablanketi yake. "Rangi ni yangu," akasema. Tulilia, na hakuna aliyetubembeleza.

Juzi mwanangu alinionyesha ndege aliyoiunda kwenye simu kwa dakika kumi, rubani anatazama mbele. Nikamuuliza amepaka rangi ya nani.

"Mum, unachagua tu."

Nikamsifu, kisha nikampigia Shangazi simu Bungoma, nimuulize kama rubani wetu bado anatazama mkia.