Misuko, Msichana wa Ukutani Kwetu

Juzi hapa Nakuru mjukuu wangu alifukuzwa sebuleni. Kosa lake ni kwamba alijikunja nyuma ya kiti akisoma kitabu cha picha cha dada yake, kile cha wasichana wanaoishi bweni na kuficha mandazi chini ya godoro. Baba yake, yaani mwanangu, akamnyang'anya. "Hiyo ni ya wasichana," akasema. "Wewe ni mwanaume, tafuta ya wanaume." Mimi nyanya yake nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Laiti mwanangu angemwona babu yake akibandua ukuta wa nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya hadithi ya msichana!

Ebu keti nikuambie, wewe usiyeijua Elburgon ya zamani. Tuliishi katika laini za kiwanda cha mbao, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kando ya msitu wa Mau, zote za mbao, zote zina nyufa. Kulipokucha msumeno mkubwa ulianza kulia, na haukunyamaza mpaka jioni. Unga wa mbao uliingia kwenye nywele, kwenye chai, hata kwenye githeri, na harufu ya mtarakwa uliopasuliwa ilikuwa ndiyo harufu ya baba. Na baridi! Weh! Upepo wa Mau ulipita kwenye zile nyufa ukatukuta kitandani. Ndiyo maana akina mama wa laini walikuwa na desturi ya kubandika karatasi ukutani. Unakoroga unga wa ngano kwa maji moto, unapaka, unabandika, na upepo unabaki nje.

Karatasi zetu zilitoka kwa jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa yaya katika nyumba ya meneja wa kiwanda. Binti wa meneja alitumiwa magazeti ya picha kutoka Uingereza, na akishayasoma yalitupwa. Yaya akayafunga kwa kamba akamletea mama. Siku hiyo nilirudi shuleni nikakuta ukuta mzima umejaa wasichana. Wasichana wanaogelea, wasichana wanapanda farasi, wasichana wanalia kwenye leso. Nilisimama pale mlangoni mdomo wazi, mkoba bado uko begani. Sijawahi kuingia katika jumba lolote tangu siku ile nikashangaa namna hiyo.

Mmoja wao alitokea tena na tena, kwenye kurasa sita. Alikuwa na misuko miwili mirefu, farasi wa kijivu, na shangazi mwenye pua kali. Yaya akambatiza Misuko. Mimi nilikuwa darasa la nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea, lakini picha zilinisaidia, na nikaanza kuwasomea mama na yaya. Hapo ndipo tulipogundua balaa tuliyojiletea. Ukurasa una pande mbili, jamani! Mama alikuwa amebandika upande mmoja ndani ya gundi, na nusu ya maisha ya Misuko ilikuwa inatazama mbao. Alikuwa anafika mlangoni kwa shangazi, anainua mkono abishe, basi, hadithi imeingia ukutani.

"Sasa alifunguliwa ama hakufunguliwa?" yaya akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Nilimwonea huruma. Nikamwambia nililiona gazeti lile kabla halijabandikwa, na upande wa nyuma naukumbuka wote. Ulikuwa uongo mtupu. Nikasema alifunguliwa na farasi. Yaya akapiga makofi.

Basi habari ikatembea laini nzima. Ilikuwa miaka ya hamsini, ile miaka ya amri ya mkoloni ya kutotoka jioni, kwa hiyo starehe yote ya watu ilikuwa Jumapili mchana. Wanawake walikuja kwanza, na kabeji zao za kukatakata. Wanaume walikuja nyuma yao wakisingizia chai. Kulikuwa na mkata magogo mmoja, jitu la kutisha, aliyeapa kwamba yeye hasikilizi mambo ya wasichana. Alikaa nje akinoa shoka. Lakini ukuta ulikuwa na nyufa, si nimekwambia? Katikati ya hadithi tulisikia sauti nzito kutoka nje: "Na huyo farasi amekula?"

Tulicheka siku hiyo! Jumapili iliyofuata alikuwa ndani, ameketi chini, kofia ameishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani.

Nami nikiwa pale mbele ya ukuta, kijiti mkononi, niliona jambo ambalo bado nalistaajabia. Ungedhani wanawake ndio watalia na wanaume watataka vita. La! Wanawake walitaka farasi amwume shangazi, tena mara mbili. Ni wanaume waliokuwa wakiuliza kama mtoto ana blanketi, kama analala peke yake, kama kuna mtu wa kumpelekea barua. Nadhani ni kwa sababu wengi wao walitoka makwao wakiwa wadogo kuja kutafuta kazi, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wana blanketi. Mkata magogo alipangusa macho akasema ni unga wa mbao. Jumapili, kiwanda kimefungwa!

Baba alikaa kwenye kona yake, penseli nyekundu ya fundi nyuma ya sikio, akinywa chai polepole.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaniumiza. Mama alikuwa amejifungua, na ilimbidi arudi kuchuma maua ya pareto. Kaka yangu mdogo alikuwa aanze shule mwaka uliofuata. Kwa hiyo baba alikuwa amekata shauri: muhula ukifungwa, mimi nitabaki nyumbani nimlee mtoto. "Darasa la nne linatosha," alisema. "Msichana akijua kusoma barua, inatosha." Hakusema kwa ubaya. Alisema vile anavyosema ubao huu ni mfupi. Nililia mpaka macho yakavimba, lakini mbele yake sikuthubutu kufungua mdomo. Zama zile mtoto hakujibizana na baba.

Lakini ukuta uliweza kujibizana naye. Hilo wazo lilinijia nikiteka maji mtoni, nusura niangushe debe. Jumapili ile nilifika ukurasa wa tano, Misuko ameketi juu ya sanduku lake, na nikasema upande wa nyuma baba yake anatokea. Nikampa huyo baba kila kitu cha baba yangu. Nikasema alimtoa Misuko shuleni ili mdogo wake aingie, akasema kwamba msichana akijua kusoma barua inatosha. Mkata magogo akapiga goti lake. "Huyo ni baba gani? Ako na roho kweli?" Yaya akasema afadhali hata shangazi. Mama alinitazama mimi, halafu akatazama miguu yake. Baba aliweka kikombe chini akatoka.

Wiki nzima hakunisemesha zaidi ya "lete maji" na "funga mlango." Mama alipokuwa akiosha vyombo aliniambia kwa sauti ya chini, "Njia ya mwongo ni fupi, mama."

Jumapili asubuhi mama aliwapeleka wadogo zangu kanisani, nami nikaenda mtoni. Niliporudi nilimkuta baba amepiga magoti mbele ya ukuta. Alikuwa na kitambaa cha maji moto na patasi yake ndogo, na alikuwa ameubandua ukurasa wa tano, taratibu, bila kuuchana, vile fundi anavyoondoa ganda. Alikuwa ameugeuza. Maskini baba hakujua kusoma hata jina lake. Alitaka kumwona kwa macho yake yule baba mbaya, amjue sura.

"Njoo hapa," akasema. "Hii ni nini?"

Nilitazama. "Ni soksi, baba."

"Soksi."

"Wanafundisha kufuma soksi, baba."

Aliutazama tena ule ukurasa, juu mpaka chini. Kulikuwa na soksi ndefu, soksi fupi, na mkono wa mwanamke umeshika sindano. "Na yule baba aliyemtoa mtoto shule, ako wapi?"

Maji yalikuwa yakinimwagikia miguuni kutoka kwenye debe na sikuweza kulitua. Nilingoja kofi. Nilikuwa nimedanganya watu wazima laini nzima, na nimemtukana mzazi wangu mbele yao, na sasa shahidi wangu alikuwa soksi. Baba alinitazama kwa muda mrefu sana. Sijui kama aliwahi kunitazama hivyo kabla ya siku hiyo, kama mtu anayetazama gogo alilolipita kila siku na leo ndiyo anaona urefu wake.

"Ulimtoa kichwani mwako," akasema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Yote? Hata farasi kufungua mlango?"

"Yote, baba."

Akashusha pumzi. "Lete uji wa mtoto," akasema. Nikaleta, na kwa ule uji wa mdogo wangu akaubandika ukurasa mahali pake, Misuko akitazama nje kama kawaida, ila amepinda kidogo upande mmoja.

Mchana watu wakaja. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba, ambaye siku zote alikaa kwenye kona, alivuta kigoda akaketi mbele kabisa, akanyoosha kidole kwenye ule ukurasa uliopinda, karatasi bado mbichi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Haya, mwanangu. Upande wa nyuma unasemaje? Huyo baba alifanya nini?"

Haki ya Mungu, nimeona Mlima Kenya ukifunguka kwenye mawingu, nimeona ndege aina ya heroe wakigeuza ziwa la Nakuru kuwa la waridi, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko baba yangu kwenye kigoda kile, akinifichia siri yangu mbele ya watu. Nilisema tu, "Imeandikwa itaendelea." Mkata magogo akaguna kwa hasira. Baba akainuka. "Basi itaendelea," akasema.

Jumatatu asubuhi, kabla ya msumeno kulia, nilikuta ile penseli yake nyekundu ya fundi juu ya mkoba wangu, imechongwa vizuri kwa patasi. Nyanya yangu aliitwa kutoka kwao Njoro kuja kumlea mtoto. Januari niliingia darasa la tano, na baadaye nikawa mwalimu kwa miaka mingi.

Leo laini hazipo. Nilipita Elburgon mwaka jana nikakuta viazi vimepandwa pale ilipokuwa nyumba yetu, na mitarakwa mikubwa ya kule juu imebaki visiki. Yaya amekwenda, mkata magogo amekwenda na kofia yake. Misuko alikufa kwa mvua na panya, maana panya walipenda gundi ile kuliko mahindi. Hadithi yake sikuimaliza kamwe, na hakuna aliyeniuliza tena, isipokuwa mmoja.

Baba aliishia kwangu, amezeeka, masikio yamekuwa mazito kwa sababu ya ule msumeno. Siku moja nikimnywesha uji aliushika mkono wangu. "Yule baba wa Misuko," akasema. "Alimrudisha mtoto shule?"

"Lakini baba, si uliona ni soksi?"

"Soksi niliziona. Nakuuliza habari ya mtoto."

"Alimrudisha, baba. Alimrudisha Jumatatu."

Akafikiri, akameza uji wake. "Alifanya vizuri huyo baba," akasema.

Hayo yote nilimsimulia mwanangu juzi pale sebuleni, kitabu cha wasichana bado kiko mkononi mwake. Nilipotoka jikoni na chai nilimkuta ameketi na mtoto wake kwenye kiti kimoja, na yeye ndiye aliyekuwa akifungua kurasa.